Wageni Wameona Nini Nyumbani Kwako?

Masomo: Isaya 39:1–8, Kutoka 30:11–16, Yohana 10:1–5
Mahubiri ya Jumapili, kutoka kwa Pasta Msaidizi



Kabla sijafungua Neno nina jambo la kuungama. Wazee wa kanisa wanalijua, mchungaji wetu kiongozi analijua, na mama aliyeumia analijua. Leo nataka nanyi mlijue, kwa sababu jambo lenyewe lilihusu majina yenu.

Mtakumbuka wale vijana watatu waliotutembelea Jumapili moja mwaka jana. Walivuka na boti ya asubuhi kutoka Mokowe, wamevaa fulana zinazofanana, tableti mkononi na maneno matamu mdomoni. Walisema wana mradi wa kusaidia vijana na kina mama wenye biashara ndogo ndogo. Kila atakayejiandikisha atapata fulana na bando ya bure. Waliomba dakika kumi baada ya ibada. Mimi ndiye niliyewapa hizo dakika kumi, tena niliwapa na meza ya sadaka waandikie juu yake.

Mnajua mimi nilisomea biashara chuoni. Nilipokuja kutumika hapa nilikuta daftari la washirika limeingia unyevu wa bahari, kurasa zimegandana. Nikasema, hapa ndipo elimu yangu itafaa. Nikatengeneza jedwali zuri kwenye kompyuta: jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, mtaa, majina ya watoto na shule wanazosoma. Halafu mwishoni nikaongeza safu moja nikaiita "Maombi". Humo niliandika mambo mliyonieleza. Huyu mguu unamsumbua. Yule mume wake hajatuma pesa miezi mitatu. Huyu ana mtoto anayefanya mtihani Mombasa. Nia yangu ilikuwa njema, nilitaka nisimsahau mtu nikipiga magoti.

Sasa siku ile foleni ilikuwa ndefu na boti ya kurudi haingoji mtu. Kijana mmoja akaniambia, "Pasta, kwani hamna orodha? Tupe tu hiyo, tumalize kazi." Nikaituma kwa simu, hapo hapo. Nilituma yote. Hata ile safu ya mwisho sikuikata. Haikuchukua nusu dakika.

Baada ya kama wiki sita, mama mmoja wetu anayeuza mahamri karibu na jeti alipigiwa simu saa tatu usiku. Sauti ilimwita kwa jina lake kamili. Ikamuuliza mguu unaendeleaje. Ikamwambia mwanawe ameanguka shuleni Mombasa, amelazwa, daktari anataka pesa kabla ya kumshika, na kwamba pasta amesema kanisa litarudisha kesho. Mama alituma shilingi 6,500. Huo ndio uliokuwa mtaji wake wa unga na mafuta. Asubuhi alipompata mwalimu kwenye simu, aliambiwa mtoto yuko darasani, mzima kabisa.

Alipokuja kwangu hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu pasta, habari ya mguu wangu nilimwambia Mungu na wewe. Mungu hakumwambia mtu. Nani amesema?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Siwezi kuapa kwamba wale vijana ndio waliopiga simu ile. Pengine orodha ilipita mikono mitano kabla ya kufika kwa mwizi. Ninachojua ni mkono wa kwanza ulioitoa, na ulikuwa mkono wangu.

HEZEKIA NA WAGENI WAKE

Ndipo Roho Mtakatifu akanirudisha kwenye Isaya 39. Hezekia hakuwa mfalme mbaya. Ni mtu wa maombi. Alikuwa ameugua karibu kufa, akageuza uso ukutani akalia, na Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Sasa habari ya kupona kwake ikafika Babeli. Mfalme wa huko, Merodak-Baladani, akatuma wajumbe wenye barua na zawadi.

Angalia hapo vizuri. Hawakuja na mikuki. Walikuja na pole ya ugonjwa, na zawadi juu yake. Hezekia akafurahi. Akawafungulia nyumba ya hazina: fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, hata ghala la silaha. Biblia inasema hakuna kitu katika nyumba yake wala katika milki yake ambacho hakuwaonyesha.

Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna kufuli lililovunjwa. Alifungua mwenyewe, akitabasamu.

Wageni walipoondoka, nabii Isaya akaingia na maswali. Watu hawa walisema nini? Walitoka wapi? Wameona nini nyumbani kwako? Leo nataka tuyachukue maswali hayo matatu tuyalete hapa Lamu, kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Mwambie jirani yako: "Wameona nini nyumbani kwako?"

SWALI LA KWANZA: WALISEMA NINI?

Kuna kitu ambacho sikukiona miaka yote niliyosoma sura hii. Isaya aliuliza walisema nini na walitoka wapi. Hezekia alijibu kwamba wametoka nchi ya mbali, Babeli. Lile la kwanza hakulijibu. Walisema nini? Kimya. Nadhani hakukumbuka. Macho yalikuwa kwenye zawadi.

Mwaka 2023 jambo kama hilo lilitokea Nairobi. Kampuni ya Worldcoin ilikuja na kifaa cha duara kinachopiga picha macho ya mtu. Ukikubali kupigwa picha, unapewa pesa za kidijitali ambazo wakati huo ziliweza kubadilishwa zikawa kama shilingi 7,000. Watu walijaa KICC, foleni ndefu, wengine wamekaa chini wakingoja zamu. Waandishi wa habari walipowauliza mnajua picha ya macho yenu inakwenda kufanya nini, wapo waliosema hawajui, wanataka pesa.

Wapendwa, mimi siwacheki. Njaa haina masikio. Mtu mwenye deni la duka na karo ya mtoto ukimwonyesha shilingi elfu saba, hatakuuliza maswali mengi. Na hilo ndilo tatizo. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data ile ilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru ifutwe. Jaji aligusa jambo ambalo hata mtoto wa Sunday school angelielewa: ukimvuta mtu kwa zawadi ndipo akubali, kukubali kwake hakujakamilika.

Darasani tulifundishwa kwamba mfanyabiashara hatoi kitu ila ameona faida inatoka upande gani. Nilifaulu mtihani wa somo hilo. Lakini wale vijana walipokuja na fulana, nilisahau kuuliza faida yao inatoka wapi. Fulana ile ilikuwa na bei. Bei yake ilikuwa ninyi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "jaza fomu hii," muulize kwa upole: Ya nini? Itasomwa na nani? Itakaa wapi, kwa muda gani? Kuuliza si kukosa imani. Nabii mwenyewe aliuliza.

SWALI LA PILI: WALITOKA WAPI?

Mjini kwetu kuna zile nyumba za mawe za zamani, za mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wengi wetu hatukuzaliwa humo. Tumetoka Mpeketoni, Hindi, Witu, wengine bara kabisa. Lakini majirani zetu Waislamu wametukaribisha mara nyingi, harusini na msibani, kwa hiyo mmeona zilivyojengwa. Nje ya mlango kuna daka, na viti vya mawe huku na huku. Mgeni akipiga hodi, anaketi hapo dakani kwanza. Anaulizwa hali, anaulizwa anatoka wapi. Mwingine shughuli yake inaishia hapo hapo. Akiwa wa karibu anaingia uani. Na kule ndani kabisa ni kwa wenye nyumba. Anaweza kuwa rafiki yako miaka ishirini na asifike huko, wala hakasiriki.

Wazee waliojenga zile nyumba walijua kwamba kuwa mkarimu si kufungua milango yote.

Sasa simu yako ina daka? Unapoweka programu mpya, inakuuliza: niruhusu nione majina kwenye simu yako, niruhusu nione picha zako, nijue ulipo, nisikie maikrofoni. Nasi tunafanya nini? Kubali, kubali, kubali! Tunataka tu ifunguke. Programu ya tochi inataka majina ya ndugu zako ya kazi gani? Mgeni ambaye hata hujamuuliza kwao, umeshampitisha daka na ua, ameketi chumbani kwenye kitanda chako.

Na mji unakuja kwetu, tusijidanganye. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021. Kule Nairobi na Mombasa, mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi pamoja na kamera 1,800 mitaani. Miji mikubwa duniani leo inahesabu magari, nyuso, maji, umeme, kila kitu. Zamani hapa mtaani jicho lililokuona lilikuwa la mzee barazani. Jicho hilo lina jina. Likikukosea, unamjua mtoto wake na unajua pa kwenda kulalamika. Lakini jicho la kamera, na jicho la programu, mwenyewe yuko wapi? Ukikosewa utampigia nani hodi?

Naomba mnielewe. Sisemi kamera ni shetani. Sisi ndio watu wa mwisho kusema hivyo. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji jirani waliuawa watu zaidi ya 60, na wapo humu ndani waliozika ndugu zao. Tulilia tukiuliza, vyombo vya usalama vilikuwa wapi, kwa nini hawakuona mapema? Mlinzi lazima aone. Lakini mlinzi naye lazima ajulikane, na awe na mtu wa kumuuliza.

KUHESABIWA SI CHAPA YA MNYAMA

Hapa lazima niseme kitu kuhusu hofu yetu. Mwaka 2019 serikali ilipotuambia tujiandikishe Huduma Namba, mnakumbuka? Wako Wakristo waliosema hii ndiyo 666. Wengine walikesha wakifunga na kuomba, wengine wakajificha. Hata mimi niliulizwa hapa mlangoni mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za wokovu.

Wakati sisi tunatafuta 666 kwenye fomu, kulikuwa na Wakenya wengine waliosoma fomu yenyewe. Shirika la Wanubi na mashirika ya haki za binadamu yalikwenda mahakamani. Yaliuliza maswali ya Isaya: data itawekwa wapi, italindwa na sheria gani, na yule asiye na kitambulisho itakuwaje? Maana Wanubi wanajua kunyimwa kitambulisho. Ndugu zetu Wabajuni wa visiwa hivi nao wanajua kuhojiwa mara mbili mbili kana kwamba ni wageni kwao. Januari 2020 majaji watatu walizuia kukusanywa kwa DNA na mahali halisi anapoishi mtu, wakasema mpango usiendelee bila kanuni za kutosha. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema tena kwamba ilipasa kwanza kupima madhara ambayo mpango ungeweza kuleta kwa data za watu, na hilo halikuwa limefanyika.

Waliouliza maswali walilinda hata wale waliojificha. Sisi tulikuwa na hofu nyingi na maswali machache. Na ajabu ni hii: ndugu aliyekataa Huduma Namba kwa sababu ya mnyama, ndiye aliyeweka programu tatu za mikopo kwenye simu yake bila kusoma mstari hata mmoja.

Neno la Mungu halikatazi kuhesabu. Lina kitabu kizima kinaitwa Hesabu! Lakini katika Kutoka 30, Mungu alimpa Musa masharti ya kuhesabu. Kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Fedha ile ilikuwa ya kazi ya hema ya kukutania, kila mtu anajua. Na lengo lake ilikuwa tauni isiwapate wakati wa kuhesabiwa. Unaona? Anayehesabu aseme ni ya nini. Asimtendee maskini tofauti na tajiri. Na hesabu isimdhuru anayehesabiwa. Kwa sababu kila kichwa unachokihesabu kina mwenyewe, na mwenyewe ni Mungu.

Kenya leo tuna sheria inayokaribia hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inasema una haki ya mambo yako ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari zako akwambie ni za kazi gani, asichukue zaidi ya anazohitaji, na asizigeuze kufanyia kazi nyingine. Una haki kuuliza wana nini kukuhusu, kutaka kirekebishwe, na mara nyingine kutaka kifutwe. Iko ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data inayopokea malalamiko. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza faini kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu vibaya. Na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi.

Niliposoma hiyo ya shule nilifungua ukurasa wa kanisa letu. Nikakuta picha za watoto wetu wa Sunday school, majina chini yake. Mwekaji alikuwa mimi.

SWALI LA TATU: WAMEONA NINI?

Hezekia alijibu: vyote. Lakini jamani, vile vitu havikuwa vyake peke yake. Hazina ile baba zake ndio waliokusanya. Silaha zile ndizo ulinzi wa mama mjane wa Yerusalemu. Alionyesha vya watu.

Hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Lau ningetoa nambari yangu mwenyewe ya kitambulisho, ningekuwa mjinga tu. Lakini nilitoa ya kwenu. Kila simu humu ndani ina majina ya watu wengine. Ndiyo maana mtu akichelewa kulipa mkopo wa simu, watu wanaopigiwa ni mkwe wake, ni mwalimu, ni pasta. Hao hawakukopa! Walikuwa tu kwenye simu ya mtu aliyebonyeza "kubali". Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siku hizi kata ni simu, na kata imejifunza kusema.

Yesu katika Yohana 10 anasema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Na mwivi hapiti mlangoni, anakwea penginepo. Zamani nilidhani tofauti ni rahisi: mwivi hajui jina langu. Sasa anajua. Anajua jina, anajua mguu unaouma, anajua mtoto anasoma wapi. Kwa hiyo kuitwa jina si dalili tosha tena. Yesu hakuishia kwenye jina. Alisema kondoo wanaijua sauti. Mpendwa, ukipigiwa simu ya dharura, hata akitaja jina la marehemu nyanya yako, kata simu. Piga nambari unayoijua wewe. Ngoja usikie sauti unayoijua.

NANI ALIYELIPA?

Isaya alimwambia Hezekia: siku zinakuja, vyote vilivyo nyumbani mwako vitachukuliwa kwenda Babeli, na wana wako pia. Hezekia akasema Neno hilo ni jema. Kwa nini? Kwa sababu alijua katika siku zake yeye kutakuwa na amani. Haya ni maneno ya kusikitisha sana. Aliyefungua mlango ni baba, watakaobebwa ni watoto.

Nami karibu niseme hivyo hivyo. Shetani alininong'onezea: nyamaza, hakuna anayejua ni wewe, itapita. Siku mbili nilitaka kunyamaza. Siku ya tatu nikaenda kwa wazee.

Tulifanya haya. Shilingi 6,500 zimerudi kwa mama, na zimetoka mfukoni mwangu. Sadaka yenu haikuguswa. Tulipiga ripoti polisi. Jedwali nimelipunguza, limebaki jina, mtaa na nambari ya simu. Safu ya Maombi imefutwa. Limefungwa kwa nenosiri, wanaolifungua ni watu wawili, na atakayetaka jina lake litoke aniambie leo, nitalitoa mbele ya macho yake. Picha za watoto zimeshushwa. Hakuna mgeni atakayeandikisha watu hapa kabla ya wazee kumuuliza maswali matatu ya Isaya, hata aje na fulana za dhahabu.

Kisha nilimwendea yule mama pale jeti nikamwomba msamaha. Aliacha kukanda unga, akafuta mikono. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Mungu anajua nimekusamehe. Uniombee. Lakini usiniandike tena."

Wapendwa, neno hilo nimelala nalo usiku mwingi. Amenisamehe kweli, na bado hanipi siri yake kama zamani. Akija kuombewa sasa husema tu, "Pasta, nina jambo, Mungu analijua." Naweka mkono, naomba bila kujua ninaombea nini. Pesa ilirudi siku moja. Kule kuaminiwa sijui kutarudi lini, na sina haki ya kukudai.

Lakini kuna mahali ambapo ameandikwa. Isaya huyu huyu, sura ya 49, anasema Mungu amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Yesu anasema hata nywele za kichwa chako zimehesabiwa. Hakuna anayekujua kuliko Bwana. Anajua ulipolala, anajua ulichofikiri. Na hajawahi kukuuza. Mikono iliyoandikwa jina lako ndiyo ile iliyopigiliwa misumari. Alikujua, ndipo akakulipia. Haleluya!

Kama wewe ni mlinzi wa majina ya watu, mwalimu, karani, ajenti wa M-Pesa, mweka hazina wa chama, kiongozi wa kikundi cha WhatsApp, mfuate Bwana huyo. Ukikabidhiwa jina la mtu, umekabidhiwa mtu mwenyewe.

YA KUFANYA WIKI HII

1. Fungua simu yako, angalia programu zote ulizoziruhusu kuona majina, picha na mahali ulipo. Ondoa ruhusa isiyo na kazi. Kama hujui, wapo vijana watakusaidia baada ya ibada, ukiwa umeshika simu yako mwenyewe.
2. Ukitumia Safaricom, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti.
3. Pini ya M-Pesa usimpe mtu. Hata mimi. Hasa akijiita mimi.
4. Kabla ya kutuma nambari ya mtu au picha ya mtoto wake, muulize kwanza.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Someni Isaya 39. Kwa nini Hezekia alifurahia wageni kiasi kile? Je, ni habari gani za watu wengine unazo wewe, na unazilindaje? Kuna mtu unayepaswa kumwomba msamaha?

MAOMBI

Bwana Yesu, mchungaji wetu mwema, wewe unatuita kwa majina na haujatutupa. Tusamehe tulivyofungua nyumba zetu kwa sababu ya zawadi. Tusamehe tulivyotoa vya wenzetu. Wape viongozi wetu hofu ya Mungu wanapotuhesabu. Mlinde mama yetu, ubariki mikono yake na mtaji wake. Na jambo lile lililo moyoni mwake, ambalo hajaniambia, Bwana, wewe unalijua. Mtendee. Katika jina la Yesu, amina.